Mtoto wa Mia Mbili na Kumi na Nne

"Katika shehia hii hakuna mtoto aliyefichwa ndani bila mie kujua. Akipatikana mmoja, daftari hili nitalitafuna mbele yenu."

Bi Tatu aliyasema hayo Jumatatu, mkutanoni kwa sheha, mkono mmoja kiunoni. Watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa pembeni na kalamu, maana ndimi niliyemwandikia hilo daftari, na nilijua lina jalada gumu.

Bi Tatu ni mjane wa miaka hamsini na mbili, msuka ukili wa mikeka, goti la kulia bovu. Skuli aliiacha darasa la tano, msimu mmoja wa karafuu alipopelekwa shambani kwa wiki mbili tu. Wiki hizo hazijesha mpaka leo. Ndiyo maana alipoingizwa kwenye kamati ya watoto ya shehia, aliishika kazi kama mtu aliyeibiwa na sasa kamwona mwizi. Kazi yenyewe ilikuwa kuorodhesha watoto wote, hasa wenye ulemavu, kwa kuwa wapimaji wa macho na masikio walikuwa wanakuja Tibirinzi Alhamisi. Wanakuja siku moja kwa mwaka. Asiyepimwa hapati nafasi kwa mwalimu wa lugha ya alama.

Njia tuliyotumia ilikuwa fupi: tulinakili orodha ya chuo cha Ustadh Ahmada. Kwetu mtoto anaweza kukosa viatu na skuli akaikosa, lakini chuoni kusoma Kurani lazima aende. Tukapata majina mia mbili na kumi na tatu. Hata mimi, mwenye nusu ya diploma ya ustawi wa jamii, niliona kazi imekamilika. Somo la kutuzuia labda lilikuwa kwenye ile nusu nyingine.

Jumatano asubuhi tulikata njia katikati ya mikarafuu aliyoikodi Haroub, mkwezi aliyehamia kwetu. Chini ya mti mmoja alikuwepo mtoto wa kike, miaka tisa hivi, ametupa mgongo, anaokota karafuu zilizodondoka, anazitia pakachani.

"Hujambo, mwanangu?"

Mtoto akaokota nyingine.

"We mtoto, husikii salamu?"

Mtoto asiyemwitikia mtu mzima, kwetu, ana kesi. Bi Tatu alishaanza kuvua kandambili.

"Hasikii kweli, Bi Tatu." Sauti ilitoka juu. Haroub alikuwa amekaa kwenye panda ya mti, anavuta matawi kwa upembo, ile fimbo yenye ndoano. "Huyo Saada wangu. Homa ilimchukua masikio tangu mdogo."

"Mwaka wa pili huu tangu mhame Kisiwa Panza, na mie sijamwona?"

"Hukaa ndani na bibi yake. Hutoka msimu tu."

"Na chuoni?"

"Atafuatisha vipi aya asizozisikia? Na kama chuo hakikumfaa, hiyo skuli itamfaa nini?"

Bi Tatu akaniangalia. Mimi nikaliangalia daftari.

"Kesho wanapima Tibirinzi," alisema. "Nipe mtoto nimpeleke."

"Kesho nina miti minne, nani ataokota? Mwakani, inshallah."

"Hiyo mwakani ndiyo baba yangu aliyomwambia mwalimu wangu. Shuka tuzungumze."

"Zungumza tu, nakusikia."

"Weye ndiyo unasikia."

Haroub aliuvuta upembo kwa hasira, akahamisha mguu, na tawi alilolikanyaga likalia. Mkarafuu haukuonyi mara mbili. Tawi likakatika, likaning'inia kwa gome juu ya Saada; Haroub akalikumbatia shina, akaita jina la mwanawe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume. Na mimi nikapiga kelele. Saada aliendelea kuokota, moja moja, bila haraka.

Aliyekimbia ni Bi Tatu, na goti lake. Mimi msomi nilibaki nimeshika daftari. Alimkamata mtoto gauni, wakaanguka wote wawili, na tawi likatua juu ya pakacha, likalifanya bapa. Saada, asiyejua lililotokea, aliziona karafuu zake zimemwagika. Akampiga Bi Tatu ngumi ya bega.

Haroub aliteremka.

"Huwa namtupia kikonyo cha karafuu mbele yake, akageuka," alisema. "Leo sikuwahi."

"Na siku ambayo hupo juu ya mti?"

Alichutama, akaanza kuziokota karafuu yeye mwenyewe.

Alhamisi Haroub aliiacha miti minne, akaja Tibirinzi na Saada, amemvalisha gauni la Idi. Sikio la kushoto halikuwa na kitu. La kulia lilikuwa bado na mabaki ya usikivu. Akaandikiwa nafasi kwa mwalimu, na baada ya wiki tatu kikaja kifaa cha kuvaa sikioni. Sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya Bi Tatu, na mtoto akalia. Simlaumu.

Kwenye mkutano uliofuata Bi Tatu alisimama, akasema mtoto amepatikana, na hakupatikana na daftari. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na kutafuna je, Bi Tatu?" Alichana kona ya ukurasa, akaitia mdomoni, akatafuna mpaka ikesha, sote tunamtazama. Kisha akanikabidhi mimi daftari jipya, nipite nyumba kwa nyumba.

Betri ya kile kifaa hudumu siku kumi. Moja, dukani Chake Chake, ni shilingi elfu tatu na mia tano, na kwenye daftari jipya hakuna mahali pa kuandika nani atalipa.