Kidole Changu Kilikuwa Nakivale, Kosa Likafanyika Mbarara

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usipunguze hata moja.

Mimi ni dada wa miaka 31, Mkongomani wa Kivu Kusini. Niko Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, tangu nina miaka 17. Kompyuta sikufundishwa darasani. Nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kisha kwenye mashine mbovu za watu nilizokuwa natengeneza Rwekubo, humu kambini. Huu ni mwaka wa nne natunza kumbukumbu za wagonjwa katika kliniki moja ya mji wa Mbarara yenye tawi Rwekubo.

Nilipanga mashine tatu, mbili Mbarara na moja Rwekubo, zote zinabeba kumbukumbu zilezile. Sheria ni moja: hakiandikwi kitu mpaka mashine mbili kati ya tatu zikubaliane. Mtandao ukikatika, ile iliyobaki peke yake inanyamaza, na muuguzi anaandika kwenye daftari mpaka mtandao urudi. Sheria hiyo sikuitoa mbali. Kanisani kwetu wazee wa baraza ni watatu, na mmoja akibaki peke yake haruhusiwi kuamua neno, hata awe na haraka gani.

Bosi aliuchukia ukimya huo. "Wewe nyabo, mashine nalala na watu iko nje nangoja! Mashine gani hii naogopa kufanya kazi peke yake?"

Nikamjibu, "Bosi, haiogopi. Inajua kwamba haijui wenzake wameandika nini."

Mwezi uliopita nikaomba ruhusa ya siku mbili. Wakimbizi tulikuwa tunahakikiwa, na usipofika mwenyewe kuweka kidole, jina lako linafutwa kwenye orodha ya wakimbizi. Bosi akaniruhusu, kwa mdomo. Siku ya kwanza tu, mtandao wa Mbarara na Rwekubo ukakatika. Shemeji yake bosi, mwenye diploma ukutani, akabadilisha mipango yangu akitumia kompyuta ya ofisini Mbarara. Mtandao uliporudi kwa dakika mbili tu kabla ya kukatika tena, mashine ya Rwekubo ikapokea amri mpya: andika peke yako. Ikatii. Tangu hapo tukawa na kliniki mbili zisizojuana, kila moja inawapa wagonjwa namba zake. Mtandao ulipotulia, shemeji huyo akachanganya kumbukumbu za pande zote mbili kwa nguvu.

Nikarudi nikakuta namba 37 zina watu wawili wawili. Mama mjamzito wa Kabazana, huku kambini, alikuwa na namba moja na mzee wa Makenke, kule Mbarara, na kundi la damu lililokuwa kwenye kioo cha mashine lilikuwa la mzee! Muuguzi wa Rwekubo ndiye aliyeshtuka, kwa sababu hakuacha kuandika kwenye daftari nililomzoesha.

Nikazima zote tatu. Nikanakili kila upande kabla ya kugusa kitu. Nikarudisha upande wa Mbarara kama ulivyokuwa kabla ya kuchanganywa, maana huko mashine mbili zilikuwa zimekubaliana. Kisha nikaingiza maandishi 212 ya Rwekubo, moja moja, daftari mkononi. Ilinichukua saa 19. Hakupotea mgonjwa hata mmoja.

Shukrani yangu? Jumatatu bosi akanipa barua. Imeandikwa kwamba amri ile niliitoa mimi na kwamba nilitoroka kazi. Nikitia sahihi kabla ya Ijumaa, nabaki kazini. Nikikataa, natoka bila barua ya kunisemea popote.

Mama anasema, "Mutoto wangu, weka sinyatire tu. Hapa hatuko kwetu. Tulishapoteza bintu mingi."

Lakini mashine zinaandika kila amri na saa yake. Amri ile ilitolewa kwenye kompyuta ya ofisini asubuhi, saa nne na dakika kumi na mbili. Karatasi yangu ya uhakiki inasema kidole changu kilipokelewa asubuhi hiyohiyo, saa nne na dakika tisa. Dakika tatu, Nakivale mpaka Mbarara? Hata pikipiki ya shetani haifiki!

Nilipomwonyesha shemeji yake bosi, alicheka. "Wewe mukimbizi, nani atasoma hiyo karatasi yako?"

Muuguzi ameniambia, "Dada, daftari ni lako, lakini niko na watoto wanne." Nikilitoa mbele ya wenye kliniki, walio juu ya bosi, linaonyesha uharibifu wote, lakini mwandiko ni wa muuguzi, na yeye anaweza kufukuzwa.

Kutia sahihi, sitii. Hilo siombi ushauri. Lakini aliye peke yake asiamue, na hiyo ni sheria yangu mwenyewe. Tangu Jumatatu niko peke yangu. Nishaurini: niende kwa wenye kliniki na daftari, au niende na karatasi ya kidole changu tu?