Pilau ilinukia Nyamirambo nzima, lakini hakuna aliyekaa kuila

Wakuu, salaam. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kila nikikikumbuka nacheka peke yangu, na anayetaka kufungua hoteli ndogo naamini ataokota kitu humu.

Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini, Kigali. Mimi ni fundi cherehani wa Nyamirambo, mjukuu wa mtu wa pwani aliyekuja huku kuuza nguo, akaoa, hakurudi tena. Mke wangu, Mama Zaina, alikuwa anapika pilau ambayo harusini watu walimuulizia mpishi kabla ya bibi harusi.

Nikawaza, kipaji hiki kwa nini kiishie jikoni kwangu?

Nikauza cherehani. Ndiyo wakuu, ile ile iliyokuwa inatulisha! Tukapanga vyumba viwili kando ya barabara iendayo mjini. Cha mbele hoteli, cha nyuma tunalala sisi na watoto watatu.

Lokesheni safi kabisa. Nikatoa hadi mlango wa mbele, nikapanga meza na mabenchi barazani ili mpita njia aone sahani inavyofuka mvuke. Nilijiona mjanja kuliko hoteli zote za mjini na mapazia yao mazito. Chakula unakificha cha nini?

Siku ya kwanza chai iliisha, pilau ikabaki.

Siku ya pili chai iliisha, pilau ikabaki.

Watu wanakuja, wanasalimia vizuri, wanakunywa chai, wanavuta harufu hadi macho yanafumba, wanakwenda zao. Wachache walileta bakuli kutoka nyumbani, wakaondoka nalo limefichwa ndani ya koti utadhani wameiba.

Kama hujawahi kuendesha hoteli, nikueleze taratibu. Kitambaa usipokishona leo, utakishona kesho. Pilau usipoiuza leo, unaila mwenyewe. Tuliila mchana, tukaila jioni, mpaka Zaina akawa anaomba maharage kama anaomba nguo ya Idi.

Mama yake alikuwa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, macho mekundu kwa moshi. Jioni akipakua ananiuliza, "Leo tena tunakula mtaji, Baba Zaina?"

Mwanzoni tulicheka. Wiki ya tatu hakucheka. Alikunja nguo za watoto na mashuka, akafunga furushi.

"Zimebaki siku kumi Ramadhani iingie," akasema. "Mchana wa mfungo hutauza hata hiyo chai. Ikitukuta hivi, naenda na wanangu kwa mama yangu, Rwamagana. Wewe baki na mabenchi yako."

Nilimjua. Hakuwa mtu wa kutisha bure.

Sasa sikieni! Kesho yake mvua ya upepo ikapiga, baraza lote likalowa. Alikuwepo Karoli, karani wa ofisi moja ya Kacyiru, mteja wetu wa chai. Akakimbilia ndani, akapita chumba cha mbele, akachungulia cha nyuma.

"Muzee, uku nyuma iko nafasi?"

"Huko ni kitandani kwetu, bwana. Kaa hapa mbele."

"Hapana, uku ndiyo muzuri. Unipe pilau."

Akakalia furushi la Mama Zaina, uso ukutani, akamaliza sahani. Akaomba ya pili!

Mama Zaina akashika kiuno. "Kumbe unaipenda! Wiki tatu unatunywea chai tu?"

"Yewe mama! Mabukwe anapita hii barabara kila siku, anaenda soko. Anione ninafungua kinywa kama mbuzi? Mutu mukubwa hawezi kula ku barabara!"

"Na hukutuambia?"

"Hoteli ni yenu. Nilizani ni hoteli ya chai."

Mabukwe ni mama mkwe wake. Na ndivyo ilivyokuwa kwa Wanyarwanda wa enzi zile: kunywa mbele za watu hakuna neno, ila mtu mzima kutafuna hadharani ni aibu. Sisi Waswahili wa Nyamirambo tumezoea sinia moja barazani, anayepita tunamkaribisha. Nimezaliwa Kigali, nimewashonea watu hawa suruali miaka kumi na tano, viuno vyao navijua kimoja kimoja, lakini wanakula vipi sikujua!

Mama Zaina alimwinua Karoli. Alifungua furushi, akatoa mashuka. Tukayapinda kwa mkono, yeye ncha hii, mimi ncha ile, tukayatundika kama mapazia, tukakigawa chumba cha mbele pembe nne na kuziba uwazi wa pale nilipong'oa mlango.

Kesho yake Karoli akaja na wenzake watatu, kila mmoja pembe yake. Adhuhuri sufuria tupu! Mama Zaina akaligonga kwa mwiko kama ngoma ya harusi.

Sitawadanganya kwamba tulitajirika. Godoro lilikaa bila shuka muda mrefu, na moshi haukupungua. Ila Ramadhani ilipoingia hakuna aliyekwenda Rwamagana. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuja kwetu, akakaa jikoni mwezi mzima anakaanga sambusa za futari za kuuza jioni.

Nililojifunza: upishi tuliujua, ila tulimpangia mgeni ukaaji wetu sisi. Usikate tamaa haraka, ndugu yangu. Pengine chakula chako hakina kosa. Muulize mteja wako anajisikia huru akiwa amekaa wapi.

Nanyi mliowahi kufungua hoteli, ni jambo gani wateja walilijua siku zote na hakuna aliyewaambia? Mwageni hapa, nitasoma moja moja.