Mende wa Kumzuia Mama

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifuga mende nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Likombe, kwa muda wa miezi minne. Nasema nilifuga kwa sababu niliwalisha, niliwapa maji, na nikiwa darasani akili yangu ilikuwa kwao. Majirani nao walikuwa na mende, lakini hawakuwa na mipango nao.

Chanzo kilikuwa mama yangu. Alikuwa akiishi peke yake kijijini, karibu na Kilambo, mahali ambapo upepo ukigeuka unasikia mto. Masika ya mwaka ule alianguka kwenye shamba lake la muhogo, akalala pale chini tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda, alipokutwa na jirani aliyekuwa anatafuta mbuzi. Mguu ulivimba tu. Mimi nilipopata habari niliomba ruhusa kazini, nikaenda kumchukua, nikiwa nimeandaa hotuba nzima ya kumshawishi. Sikufika nusu ya hotuba.

Kuku wake alikuwa amelalia mayai ya kanga, wale ndege wa madoadoa ambao mayai yao watu wa kwetu huyaokota vichakani na kumbambikia kuku ayaatamie.

"Nitakwenda na kuku wangu na mayai yake," alisema. "Wakianguliwa, nitakaa kwako mpaka waweze kuruka na kulala juu ya mti. Wakishalala juu ya mti, tunarudi wote."

"Na wakifa?"

"Wakifa nikae kwako nafanya nini? Nitazame ukuta?"

Basi nikaondoka naye, yeye na kikapu mapajani, mimi na hesabu kichwani. Vifaranga wakifa, anarudi kesho yake. Wakinenepa haraka, anarudi haraka. Nilichohitaji ni kanga wenye afya ya wastani kwa miaka kumi hivi.

Wakaanguliwa kumi na mmoja. Juma la kwanza walikufa wawili.

"Wanataka wadudu," mama alisema. "Pumba ni chakula cha kuku."

Kijijini angewapa mchwa. Anachukua chungu kibovu, anakijaza mabua ya mtama yaliyoloweshwa, anakifudikiza kando ya kichuguu, na asubuhi kimejaa. Lakini Likombe kichuguu pekee cha karibu kilikuwa kimekwisha kuchimbwa na watu wa kukandika nyumba, mvua zilikuwa zimekatika, na mama kwa mguu ule hakuweza kwenda kutafuta kingine. Nilipotoka kazini siku ile kifaranga wa tatu alikuwa amelala ubavu, na mama alikuwa ameanza kukunja nguo zake.

Hapo ndipo elimu yangu ilipoamka. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia mwenye shahada, na stoo ya shule ilikuwa na mende tuliowatunza kwa ajili ya kupasuliwa na wanafunzi. Niliazima sanduku la kioo, nikatandika vipande vya gunia na magazeti yaliyokunjwa, nikaweka ukoko wa ugali na maganda ya ndizi, nikawamimina mende humo. Nilimweleza mama kwamba hawa huzaana wenyewe, kwamba daima watakuwepo wakubwa na wadogo, na kwamba hatahitaji kichuguu tena maishani. Aliinama akachungulia ndani ya sanduku.

"Watu hununua dawa wasiwe nao," alisema.

Mende wa nyumbani ana kucha na vikanyagio vinavyonata kwenye kila mguu. Mguu huo nilikuwa nimewachorea wanafunzi ubaoni mara nyingi, kwa chaki za rangi. Hata hivyo nilishangaa nilipomwona anapanda kioo kilichosimama wima, bila haraka, kama karani anayepanda ngazi za ofisi yake. Nilifunika kwa chandarua, wakakitafuna. Nikaweka wavu wa waya, ukawazuia, ila kila nilipoufunua kuchukua chakula cha vifaranga, waliokuwa wamejipanga chini ya ukingo walipita mkononi mwangu, wakaingia kwenye kola.

Nikafikiria kupaka ukingo kitu cha kuteleza. Nikaanza na mafuta ya nazi. Asubuhi ukingo ulikuwa mkavu na mende walikuwa wanang'aa. Nikajaribu poda, ikafanya kazi siku mbili, halafu unyevu wa pwani ukaigeuza uji.

"Mwalimu," mke wangu aliita kutoka chumbani. Alikuwa muuguzi, na aliniita mwalimu pale tu aliponikasirikia. "Poda yangu iko wapi?"

"Iko kazini."

"Na mende niliyemkuta kwenye kifuniko cha chupa ya chai, naye alikuwa kazini?"

Niliendelea kusugua kioo. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sikuwahi kuchoka hata nyakati za mitihani. Narudi kutoka shule, natafuta maganda, nasugua kioo, nasaka watoro nyuma ya kabati, nanuka ile harufu yao nzito isiyotoka kwa sabuni. Na vifaranga wanane waliobaki walikuwa wananisubiri midomo wazi.

Siku moja nilipita nyuma ya nyumba ambako akina mama wa jirani walikuwa wanakaanga korosho kwenye karai bovu. Mafuta meusi yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye maganda. Mazito, yananata, hakuna mdudu anayeyasogelea. Niliomba nusu kikombe. Mmoja wao aliniuliza ya nini, nikamwambia ya majaribio. Walitazamana.

Nilipaka ukingo wote kwa unyoya wa kuku, na pale unyoya ulipokataa nikamalizia kwa vidole. Mende wa kwanza alipanda, akafika kwenye mstari mweusi, akapapasa kwa vipapasio vyake, akageuka. Wa pili vilevile. Nilimwita mke wangu aje aone. Nilijifuta jasho la ushindi, mdomoni na shingoni.

Kesho yake vidole vyangu vilikuwa na malengelenge, na mdomo umevimba upande mmoja. Mama alinitazama.

"Umeshika nini?"

"Mafuta ya ganda la korosho."

Alinishika kidevu. "Wewe umezaliwa chini ya mkorosho."

"Najua, mama."

"Ulipokuwa mdogo uling'ata korosho mbichi, ukaungua mdomo hivihivi, ukalia siku tatu."

"Najua."

"Basi huko chuo kikuu walikupa elimu, au walikutoa ile uliyokwenda nayo?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aje, na nilifurahi, kadiri mdomo ulivyoruhusu. Mke wangu alinifunga bandeji akisema kwamba mgonjwa wa namna hii wodini angempeleka upande wa watoto.

Kwa kuwa sikuweza kushika kitu, mama alichukua kazi. Alifuta ukingo kwa majivu na tambara, akalikokota sanduku mpaka ndani ya ua wa fito alimowafungia vifaranga, akaliweka chini, akaondoa wavu.

"Watatoka!" nilisema.

"Wewe unahangaika wasitoke. Waache watoke, ila watokee mbele ya wenye njaa."

Akagonga kioo kwa kijiko. Mende wakashtuka, wakapanda kwa miguu yao ileile ya ajabu, wakavuka ukingo, wakaishia midomoni. Baada ya siku chache vifaranga walikuwa wakisikia kijiko wanakuja mbio kabla mende hajatoka. Akimaliza, mama anafunika. Wachache waliruka kwa mabawa siku za joto, wakahamia jikoni, na hao ni habari ya mke wangu, ambayo naheshimu kwa kutoisimulia.

Ila sasa kanga walinenepa. Wakaota mabawa ya kweli. Alasiri moja mmoja wao aliruka akatua kwenye mpapai, nami nikamgeukia mama.

"Huo si mti," mama alisema. "Mti ni mkorosho."

Kesho yake nilichukua panga, nikakata matawi yote ya chini ya mkorosho wetu. Nilisema nausafisha. Kisha nikaanza kupita uani kabla ya kwenda shule, nawahi kuweka wavu juu ya sanduku na jiwe zito juu ya wavu, jiwe ambalo mwanamke mwenye mguu mbaya asingetaka kulinyanyua. Siku ya tatu nilimkuta amekaa kando ya sanduku, ananisubiri na kijiko chake.

"Unawanyima chakula," alisema, bila kukasirika.

Nilianza kueleza kuhusu kiasi kinachofaa cha lishe. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Mama, ukianguka tena?"

"Nitainuka."

"Mara ile hukuinuka."

"Mara ile niliinuliwa. Na hapa nikianguka nitainuliwa. Lakini kule najua ninaangukia wapi." Akanigusa kidole kimoja kilichokuwa bado kinabambuka ngozi. "Toa jiwe, mwanangu."

Nililitoa. Aligonga kioo, kanga wakaja.

Hazikupita wiki mbili kanga wote wanane walilala juu ya mkorosho, kwenye matawi ya juu kabisa, maana ya chini nilikuwa nimeyakata. Nilituma ujumbe kwa yule jirani mwenye mbuzi, akakubali kupita kwa mama kila asubuhi. Mke wangu alinunua tenga la kubebea kuku na kanga, na kumpa mama mafuta ya kuchua mguu. Walikumbatiana kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Ile asubuhi ya safari mama aliniambia, akitazama pembeni, "Nifungie wachache."

"Wachache nini?"

"Hao mende wako. Kiangazi mchwa ni wa shida hata kule."

Sikumcheka. Niliwatia kwenye kopo la maziwa, nikafunika kwa kitambaa, nikafunga kwa kamba kwa vidole ambavyo vilikuwa bado havikazi vizuri. Lori lilikuwa limejaa magunia, na utingo alimpandisha mama juu yake, upande wa mbele karibu na kichwa cha gari, tenga miguuni na kopo mapajani.

"Bibi, kopo lina nini?" utingo aliuliza.

"Dawa."

Lori likaondoka. Lilipofika kwenye kona nilimwona abiria mmoja juu ya magunia anajipiga shingoni, kisha mwingine aliyekaa ubavuni mwa mama anasimama na kukung'uta shati. Mama alikuwa ametazama mbele, ametulia, kama mtu asiyehusika. Nilibaki nimesimama barabarani, nikitumaini, na hili nalisema kwa aibu, kwamba dereva angesimama na kumteremsha.

Hakusimama. Nikarudi nyumbani, ambako kijiko kilikuwa bado juu ya sanduku, na mende walikuwa wanapanda kioo.