Mkata Miti Aliyesikia kwa Miguu

Nilikuwa mkalimani katika zahanati ya shamba moja la chai huko Kericho, miaka ile msitu ulipokuwa ukikatwa kupisha miche. Kiingereza changu nilikipata misheni, kwetu ziwani, na nilidhani kinatosha.

Asubuhi moja mke wa mkata miti, Mkipsigis, alimleta mumewe. Homa ilikuwa imemziba masikio, na msimamizi hakumtaka tena msituni bila ruhusa ya daktari. Daktari, Mzungu mwenye haraka, akaniambia nimuulize kama anasikia. Nikauliza, na mke akampa mumewe swali kwa vidole.

"Nasikia sana!" yule bwana akajibu kwa sauti kubwa.

Nikatafsiri: hears. Daktari akapita nyuma yake, akapiga makofi. Mtu wetu hakugeuka.

"Mbona anadanganya?" daktari akaniuliza.

Nilipomweleza mke, akatikisa kichwa. "Hadanganyi, ndugu yangu. Mti ikitaka kuanguka, yeye anasikia na miguu. Udongo inatetemeka. Hata harufu ya mti ikipasuka anasikia. Mwambie hivyo."

Katika lugha ya mama yangu, kama katika Kiswahili, mtu husikia sauti, baridi, njaa na harufu, na neno ni lile lile. Nikajaribu feel. Daktari akauliza anaumwa wapi. Nikajaribu smell, akarudi nyuma kidogo, akidhani nasema mgonjwa ananuka.

Mwishowe daktari mwenyewe akaniuliza kama mtu huyu anaweza ku-notice vitu. Hilo nililijua: notice ni karatasi inayogongomewa kwenye mlango wa kanisa. Nikajibu kwamba hapana, hajui kusoma.

Daktari alitazama dari, kisha akaandika. Yule bwana akapelekwa kwenye kitalu, kumwagilia miche. Mke alinishukuru, sijui kwa lipi. Mume akanikazia macho. "Umemwambia nini?" Nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Baadaye mwalimu mmoja aliniambia kwamba ku-notice ni kutambua, na neno nililolitafuta, la kusikia kwa mwili wote, ni sense. Nilifurahi mno. Nikamngoja daktari mlangoni, nikamwambia kwamba yule mkata miti ana sense.

"Sikusema hana akili," akanijibu, akapanda farasi wake.

Nikabaki nimesimama, neno langu jipya mdomoni, nisijue kama nimelikosea mimi au yeye.