Ngoma Mbili Zisizo na Kosa

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya soko, lori la kaka yangu liliteremka kutoka upande wa Nizi, kwenye machimbo, likiwa na magunia ya maharage, likapita mahali lilipopaswa kusimama, likaenda kuegemea ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia. Saa nne alikuwa amelileta mwenyewe hadi uani kwangu, mtaa wa Rwambuzi, kwa gia ya kwanza.

Kaka huyo, tunayemwita Yaya kwa sababu ndiye mkubwa wetu, aliendesha lori lile miaka ishirini na sita. Aliliendesha peku. Viatu aliviweka kitini pembeni, akisema unyayo ndio unaojua pedali imefika wapi. Miezi minne kabla ya asubuhi ile, presha ilimwangusha kanisani. Maneno yalirudi, mkono ukarudi. Mguu wa kulia aliuburuta kidogo, na tangu hapo alitembea na viatu ambavyo mkewe alimfungia kamba. Aliposhuka uani alisema breki zimemsaliti. Alimwambia hivyo mkewe, akawaambia majirani na mwenye maharage.

Nilifungua magurudumu ya mbele. Breki zilikuwa za ngoma, ambazo madereva wetu huita tambour: vibao viwili hutanuka ndani ya ngoma ya chuma na kuisugua mpaka gurudumu lisimame. Kazi hii nilijifunza kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, na nina desturi ya kuandika kila ninachopima. Utando wa vibao, milimita nane. Hapakuwa na mafuta yaliyovuja wala tope. Ngoma hazikuwa na mkwaruzo. Nikaandika "nzima" upande wa kushoto, "nzima" upande wa kulia, nikafunga daftari.

Yaya alikuwa ameketi juu ya dumu nyuma yangu. Aliuliza kama nimeona. Nikajibu nimeona, kisha nikasema hizi za ngoma ni za zamani, tutaweka za diski.

Sababu sikumpa. Lori lile halikuwa na servo, kile chombo kinachokamata mvuto wa hewa na kuongezea mguu nguvu. Lilisimama kwa uzito wa dereva peke yake. Mtaa wa Nyakasanza palikuwa na lori la aina ile ile, la miaka ya baadaye, lililopinduka na kuuzwa vipande vipande. Lilikuwa na diski mbele, servo, na pampu ya kuvuta hewa. Nilifikiri kwamba kama mguu dhaifu ungeweza kusimamisha lori, Yaya angebaki dereva. Hakuwa na kazi nyingine wala jina jingine mjini.

Kazi ilichukua wiki tatu. Alikuja kila siku kunichokoza.

"Docteur wa vyuma, mugonjwa atatoka lini hospitali?"

Nilipofungua kitabu alisema kiliandikwa na mzungu wa barabara ya lami, hakijui Nizi. Siku hizo alicheka sana. Nilibadilisha vichwa vya ekseli, nikafunga diski na koleo zinazozibana, nikatandika mabomba mapya. Siku ya kutoa hewa kwenye mabomba mtu lazima akanyage pedali na kuishikilia. Yaya alisema mgongo unamuuma. Mkewe ndiye aliyepanda, akakanyaga kila nilipomwambia, bila kumtazama mumewe.

Nilijaribu lori mwenyewe mara kumi. Lilisimama kwa kidole cha mguu. Kisha nikaweka dumu tupu barabarani, hatua arobaini kutoka langoni, nikamwambia asimame kabla yake.

Mara ya kwanza alipiga pedali mara tatu upesi, kama ngoma zilivyomzoeza. Magurudumu yakakwama, kichwa chake kikagonga kioo. Mara ya pili alikanyaga kidogo, akashangaa kuona bado anakwenda, akaongeza, lori likasimama pembeni ya dumu. Akavua kiatu. Alikivua kwa shida, fundo la mkewe lilikuwa limekazwa. Mara ya tatu lori halikupunguza mwendo kabisa. Lilipanda juu ya dumu, nikazima injini kwa mkono nikiwa kitini pembeni yake.

Alikuwa anatazama chini. Unyayo wake ulikuwa sakafuni, kando ya pedali, umekaza.

"Nimekanyaga," alisema. "Nimekanyaga na nguvu yote."

Vumbi lilitulia.

"Mudogo, tambour ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa muzuri, Yaya."

"Ulijua siku gani?"

"Siku ya kwanza."

"Ungeniambia."

"Weye ndiye ungeniambia."

Alichomoa ufunguo, akaufuta kwenye suruali, akauweka gotini kwangu. Kisha akaomba nimsaidie kuvaa kiatu, kwa sababu hakutaka mkewe aone kimevuliwa. Nilifunga fundo kama la mkewe, upande uleule.

Lori lilinunuliwa na mchuuzi wa Nizi. Alizunguka magurudumu ya mbele, akaniambia kwa upole kwamba dereva wake anajua breki za ngoma, na huko machimboni vipuri vya diski havipatikani, akapunguza bei. Yaya hakutoka nje lilipoondoka. Jioni nilichukua daftari, nikajumlisha ekseli, servo, pampu, mabomba na mafuta, nikaongeza kile mnunuzi alichopunguza kwa sababu ya diski zangu. Nilipoteza dola mia sita na kumi na nne.