Siku Bahasha Alipokwenda Ofisini

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua haifanani na harufu nyingine yoyote. Kiwandani Zegereni ninakofanya kazi, meneja wetu huja na kijibwa chake cheupe, na asubuhi za mvua kijibwa hicho hujikung'uta katikati ya ofisi, wenzangu wakacheka na kukipiga picha. Mimi hujikuta nimerudi Kisarawe, nina miaka kumi, nimechuchumaa ndani ya stoo ya mafaili, nimeshika mdomo wa mbwa kwa mikono miwili.

Mama alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali pale Kisarawe. Tulikuwa wageni, tumetoka Njombe, tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba isiyo na uzio. Mbwa wetu tulimwokota angali mdogo, na kwa kuwa rangi yake ilikuwa ileile ya bahasha za kaki alizoshinda nazo mama, tukamwita Bahasha. Alipenda watu kupita kiasi, ndiyo ilikuwa kasoro yake. Ukimfunga kamba aliitafuna, ilimradi akufuate.

Mwaka ule mtoto wa mtaa wa pili aling'atwa na mbwa mwenye kichaa, akafariki. Gari la matangazo likapita: mbwa yeyote asiyechanjwa, akionekana nje, atapigwa risasi. Ndani mwenye nyumba hakumruhusu Bahasha. Chanjo zilikuwa zimekwisha, nyingine zingekuja Alhamisi. Jumatano asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, tukasikia milio miwili upande wa sokoni. Mama akaweka kikombe chini. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Vaa viatu," akaniambia. "Tunakwenda naye kazini."

Tukaingia kwa mlango wa nyuma kabla watu hawajafika. Stoo ilipakana na chumba cha mama, imejaa vumbi na harufu ya karatasi kuukuu, na sasa harufu ya Bahasha. Maagizo yalikuwa mafupi: nisitoke, nisiseme, na mbwa akianza kuunguruma nimshike mdomo lakini nisimzibe pua.

Aliyesahaulika katika mipango yote hiyo ni Bi Mwanaidi. Alikuwa karani mwenzake mama, mzaliwa wa Kisarawe, mtu mzima wa maneno machache. Nilimwogopa kwa sababu hakuwahi kunichekea. Kila adhuhuri alisali humo stoo. Basi mama akiwa ametumwa kupeleka barua jengo la pili, mlango ukafunguka, Bi Mwanaidi akasimama pale na mswala mkononi.

Tukatazamana. Nikamwamkia shikamoo, maana sikujua la kusema. Akaitikia kwa sauti ya chini, akamtazama Bahasha, akaufunga mlango. Nikajua amekwenda kutusema.

Hazikupita dakika nyingi nikasikia sauti za wanaume. Mkuu wa ofisi alikuja na wale wapiga mbwa. Walitaka nakala ya kibali chao, na faili lake lilikuwa humo stoo. Kwenye upenyo wa mlango niliona buti zenye matope na kitako cha bunduki kimesimamishwa sakafuni. Bahasha naye aliwasikia. Mngurumo ulianzia tumboni mwake, nikauhisi mikononi kabla haujafika masikioni. Nikambana mdomo mpaka vidole vikafa ganzi.

Kitasa kikacheza.

"Humo ndimo ninamosalia, mkuu," Bi Mwanaidi akasema. "Nitakutolea mwenyewe."

Akaingia, akarudisha mlango. Faili lilikuwa rafu ya chini, nyuma yetu, na hapakuwa na nafasi ya kulifikia ila kwa kuinama juu ya mbwa. Akakusanya gauni, akainama, akanyoosha mkono. Kwa woga nikalegeza vidole, na Bahasha, badala ya kubweka, akamlamba kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko, pamoja na upindo wa gauni. Bi Mwanaidi akafumba macho, akayafumbua. Akachukua faili, akatoka.

Wanaume wakaenda zao. Mama aliporudi alinikuta bado nimemshika Bahasha mdomo, na Bi Mwanaidi hayupo. Alirejea saa tisa kasoro, amebadilisha gauni, anahema kwa kupanda kilima. Kwenye upenyo nilimwona mkuu akimsubiri mlangoni. Akamgombeza mbele ya wote kwa kuacha kazi bila ruhusa, na yeye hakujibu. Mimi nilikuwa na hakika kwamba ametuchukia, ndiyo maana akaondoka. Nawaambieni ninyi tu: alipogombezwa nilifurahi kidogo.

Kabla ya saa za kufunga, barua ya kumwonya Bi Mwanaidi ilishachapwa. Ikaletwa masijala kama barua zote, na mwenye kuihifadhi alikuwa mama. Akaisoma, kisha akasema anakwenda kumweleza mkuu ukweli. Bi Mwanaidi akamshika mkono.

"Ukisema, Mama Neema, utaandikiwa na wewe, na mbwa wa mtoto atauawa leo. Yangu haitafutwa. Itoboe, uiweke kwenye faili langu."

Mama akaitoboa, akaiweka.

Kesho yake Bahasha alichanjwa, akaishi miaka mingine tisa. Mimi niliendelea kumkwepa Bi Mwanaidi hadi tulipohama.

Nilikuja kuelewa nikiwa chuoni, nilipoishi chumba kimoja na msichana Mwislamu wa Maneromango, hukohuko Kisarawe. Siku moja mbwa wa mlinzi alimlamba mguu, na mwenzangu akaacha vyote akaenda kujiosha. Akanieleza kwamba palipolambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, ndipo mtu asali. Nikakaa kitandani. Kisarawe siku zile maji tulichota kisimani, bondeni. Nikaona safari yote: kushuka, kuchota, kujiosha na kufua mara saba, kusali adhuhuri isimpite, kupanda tena kwa miguu. Pale mlangoni angeweza kujitetea kwa neno moja tu, mbwa, na mkuu angeelewa. Neno hilo alilimeza mbele ya ofisi nzima, nami nimejificha stoo, nafurahi.