Fundi Aliyeifunza Kompyuta Usingizi wa Mchana

Saa saba mchana, joto limefika nyuzi thelathini na tisa na mji mdogo wa Potrero Guavirá umelala fofofo. Maduka yamefungwa, mbwa wamejibanza chini ya viti vya barazani. Nimia Ovelar yuko macho. Ameketi kwenye stuli ndani ya chumba cha pampu, kompyuta mpakato magotini, kikombe cha terere, chai ya majani ya huko inywewayo na barafu, kando ya mguu.

"Itazame," anasema, akigonga kioo kwa ukucha. "Pampu ya pili imezimwa, na hakuna anayepiga yowe."

Miezi minne iliyopita, saa kama hii, kioo hicho kilikuwa chekundu karibu kila siku, na kwa ajili ya wekundu huo mzee wa watu nusura afukuzwe kazi.

Nimia ana miaka thelathini na minane na mabinti wawili. Ni fundi wa kompyuta wa kamati ya maji, inayohudumia nyumba mia nne na kumi na mbili, kwa mshahara wa guarani milioni mbili na laki nane kwa mwezi, ambazo ni kima cha chini cha mshahara. Kila baada ya dakika tano, kifaa kilichopo kisimani hutuma faili la XML. Ndani yake kila kipimo kimefungwa katika jina lake: pampu ya kwanza, pampu ya pili, kimo cha maji ya tangi, klorini. Kazi yake ni kukiunganisha kila kipimo na kigeu chake kwenye programu ya uangalizi, yaani ile nafasi ya kwenye kioo inayopaswa kukionyesha.

"Shangazi yangu ananiuliza, kwa hiyo wewe unalipwa kuhamisha namba? Namwambia ndiyo, shangazi. Na zikihamia nyumba isiyo yao, utakuja kulia bomba likiwa kavu."

Lakini uunganishaji wa kwanza hakuufanya yeye. Ulifanywa mwaka jana na kampuni moja ya mji mkuu, Asunción, chini ya mhandisi Derlis Recalde. "Walifika saa tatu asubuhi, wakaondoka kabla ya chakula cha mchana," Nimia anakumbuka. "Hata supu hawakuonja."

Baada ya hapo king'ora kikaanza. Mchana baada ya mchana, watu wakiwa wamelala, kioo kilidai tangi limekauka. Watu wakiamka, tangi limejaa. Kampuni ikaandika ripoti: ving'ora arobaini na sita kwa miezi miwili, chanzo ni uzembe wa mwangalizi wa pampu. Midomo ya mji ikamalizia iliyobaki. Ikasemwa kwamba mwangalizi huyo, Mzee Eligio Brítez, mwenye miaka sitini na saba, ishirini na miwili kati yake akiwa kwenye pampu hizo, anawafungulia maji ng'ombe wa tajiri mmoja wakati wenzake wanakoroma.

Mwenyekiti wa kamati, Mama Zunilda Cabral, alimwita amhoji.

"Mzee Eligio, mchana unaiendeshaje mitambo?"

"Kama kawaida, mama."

"Hakuna unachobadilisha?"

"Nibadilishe nini? Kama kawaida tu."

Mama Zunilda akampelekea Nimia ripoti aisaini, ili Jumamosi mkutano wa wanachama umwondoe mzee. Nimia aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Anakiri kwamba hasira zilimpanda.

"Hapo sisaini, mama."

"Nimia, mashine haina ugomvi na mtu."

"Mashine haina. Lakini aliyeiunganisha alikuwa na macho, na hakuyatumia."

"Na wewe una mkataba, na unaisha Desemba. Usisahau."

"Sijasahau. Na bado sisaini."

Kesho yake, saa saba mchana, alipanda ngazi ya mnara wa tangi, simu yenye programu ya uangalizi mfukoni, spana ikining'inia kwenye kamba yenye alama za mita, ya kupimia kina cha maji. Chini alisimama Mama Zunilda na kandambili zake na mwavuli, amenuna kwa kukatiziwa usingizi.

"Haya, unaona nini huko?"

"Maji, mama! Mita tano nukta nne!"

"Na simu inasemaje?"

"Sufuri nukta sita!"

"Basi shuka, mwanangu, usije ukaniangukia."

Nimia akafungua faili lenyewe. La asubuhi lilikuwa na vipimo vinne. La saa ile lilikuwa na vitatu, kwa kuwa kifaa cha kisimani hakiandiki chochote kuhusu pampu iliyozimwa. Na kampuni haikuiambia programu itafute majina. Iliiambia ihesabu: cha kwanza weka hapa, cha pili pale, cha tatu ni tangi. Pampu ya pili ikikosekana, kila kipimo kilisogea nafasi moja, na klorini, sufuri nukta sita, ikakaa mahali pa tangi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nimia hakuleta kompyuta. Aliwaita watu wanne wasimame mstarini: mwoka mikate, muuguzi, mwalimu na mwenye bucha.

"Wa tatu ni nani?"

"Mwalimu!"

Akamwambia muuguzi akaketi. "Na sasa, wa tatu ni nani?"

"Mwenye bucha!"

"Basi hivyo ndivyo kampuni inavyohesabu. Jumatatu wapelekeni watoto kwa mwenye bucha wakasomeshwe."

Ukumbi ukaangua kicheko, mwenye bucha akiwa wa kwanza. Nimia akangoja kitulie.

"Na nani kati yetu aliiambia kampuni kwamba pampu ya pili huzimwa saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu?"

Pampu ile ni kuukuu na inanguruma. Miaka kumi na tisa iliyopita, katika ukumbi huohuo, walikubaliana iwe inazimwa ili watu walale. Haikuandikwa popote. Nani asiyejua?

"Mimi nilisema kama kawaida," Mzee Eligio akasema kutoka nyuma, kofia mkononi. "Kawaida yenu wenyewe hiyo."

Mama Zunilda aliuliza nani anataka mzee aondolewe, na mkono hata mmoja haukuinuka.

Alasiri ileile, bila kuomba ruhusa ya mtu, Nimia aliunganisha upya kila kipimo kwa jina lake. Kisha akaongeza kigeu chake mwenyewe, akakiita Usingizi. Pampu ya pili ikikosekana kwenye faili kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu, Usingizi huwaka kijani. Ikikosekana saa nyingine yoyote, king'ora hulia.

Wiki tatu zilizopita barua ikaja. Kampuni inataka mpangilio wa zamani urudishwe na kigeu hicho kifutwe, kwa kuwa hakimo katika utaratibu wake, na Nimia asiguse tena programu. Mama Zunilda hajaijibu. Ameiweka chini ya kopo la sukari, na kuhusu mkataba wa Desemba hasemi ndiyo wala hapana.

"Sikifuti," Nimia anasema. "Waje wakifute wenyewe, na waje saa saba mchana, wabishe hodi nyumba kwa nyumba wawaeleze watu kwamba usingizi haumo katika utaratibu."

Kamati saba za jirani zinatumia programu hiyohiyo, kutoka kampuni hiyohiyo. Tatu zimekwisha kumpigia simu. Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi, anapanga kuwafundisha mafundi wa kamati zote saba kuunganisha kwa majina, na kabla hawajagusa faili, kumuuliza mwangalizi wa pampu nini kinazimwa na saa ngapi.

"Wakinitoa Desemba, tutakuwa tumeshakuwa wanane. Watatutoa wote?"

Nje kandambili zinaburuzwa. Ni Mzee Eligio, macho bado mazito, kofia imekaa upande. Ni saa nane na nusu. Anapita moja kwa moja hadi kwenye swichi.

"Kama kawaida, mzee?" Nimia anamchokoza.

"Kama kawaida nini? Pampu ya pili naiwasha sasa hivi, saa nane na nusu," anajibu, na kuinua swichi. "Andika."